Kaseti ya Suzana na Ndege wa Kasansa

Sylvanus fundi redio alikuwa mtu wa kawaida kabisa mpaka alipofungua mdomo kuimba. Nasema hivyo nikiwa nimempigia ngoma kwa miaka minne, na sikio langu la kushoto ni shahidi. Siku hizi wapo watu wa Mpanda wanaomsimulia kwa heshima, eti msanii, eti mwanzilishi. Mimi heshima hiyo sina. Nimekula naye ugali sahani moja, nimemwona akitokwa machozi kwa sababu waya wa gitaa umekatika, na mtu uliyemwona hivyo huwezi kumpigia saluti.

Jina langu Machibya. Wazazi wangu walikuja huku na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Yeye ni mtoto wa wakulima wa mpunga wa Kasansa, kule Mpimbwe, Wakatoliki tangu babu wa babu yao. Watu wa kwao walilalamika kwamba ng'ombe wetu wanakula mpunga wao, na watu wa kwetu walijibu kwamba ni mpunga wao uliojiotea kwenye njia ya ng'ombe. Wazee walipelekana kwa mtendaji wa kijiji kwa kesi hiyo. Sisi wawili tuliigeuza kuwa utani, na mpaka leo hatujaimaliza.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko la Mpanda, chenye meza moja na pasi ya kulehemu aliyoichomeka kwenye betri ya gari kila umeme ulipokatika. Alikuwa fundi mzuri, hilo simnyimi. Balaa lilianza mwaka 1995, mzungu mmoja mchimba visima alipomletea redio kaseti iliyokuwa inakula mikanda. Sylvanus akaitengeneza, ila mzungu akahamishwa ghafla na hakurudi kuichukua. Ndani ya redio ilibaki kaseti isiyo na jina wala picha. Upande mmoja ulikuwa umetafunwa wote, lakini wa pili ulikuwa na nyimbo sita za roki. Magitaa yalikoroma, ngoma zilipigwa kwa hasira, na mwanamume mmoja alilia kama aliyeng'olewa jino bila ganzi. Sylvanus aliisikiliza kwa wiki tatu. Redio za wateja zilikaa mezani zimefumuliwa matumbo, na wenyewe wakija aliwanyoshea kidole wanyamaze.

Wiki ya nne akaja nyumbani kwetu Ilembo, akanikuta nakamua ng'ombe. "Machibya," akasema, "tunaanzisha bendi."

"Sisi nani?"

"Mimi na wewe. Si ulikuwa unapiga ngoma kwenye mbina?"

Kwenye mbina, ile ngoma ya kwetu ya mashindano, nilikuwa nabeba maji ya wachezaji. Lakini mtu akikusifia usichokuwa nacho, unamrekebisha wa nini? Ngoma yangu kubwa niliitengeneza kwa pipa lililokuwa na dawa ya josho, nikaliwamba ngozi ya ng'ombe. Siku za joto ukiligonga lilitoa harufu ya josho mpaka kupe wa jirani wanahama.

Gitaa tulilipata kwa Apollinarie, kijana wa Karema ambaye mapadri wa misheni walimfundisha kinanda. Mwishoni mwa 1996, vita vilipowasukuma watu wa Zaire kuvuka ziwa, mwanamuziki mmoja alishuka pwani ya Karema na magitaa mawili ya umeme na spika moja. Apollinarie akampa baiskeli yake na mbuzi wawili, akaja Mpanda akiwa amevibeba kichwani. Yeye ndiye akawa wa besi. Ni mtu anayeongea mara moja kwa siku, na mara nyingi huwa anaomba chumvi. Tukajiita Ngurumo za Milala, kwa jina la ziwa letu, ingawa kitu pekee kinachonguruma pale Milala ni viboko.

Sasa nimtaje mama yake, maana bila huyo hakuna kisa. Mama Katarina alikuwa mjane, na Sylvanus ndiye mtoto wake wa kiume wa pekee. Mabinti wote walikuwa wameolewa mbali. Alimlea ndani ya kwaya ya kigango, akiwa na ndoto ya kumwona siku moja anaiongoza. Sylvanus alipoacha kwaya akashika gitaa, mama alisafiri kutoka Kasansa kuja kumsikiliza. Alisimama mlangoni pa kibanda dakika mbili, kitenge kimefungwa kiunoni. "Nilikupeleka kwaya ukajifunze kuimba," akasema. "Umekwenda kujifunza makelele." Akageuka, akapanda lori lile lile lililomleta.

Neno hilo makelele lilimkaa Sylvanus kifuani. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani, kwamba mama yake asikilize kazi yake mpaka mwisho, halafu aiite wimbo. Nakisema mapema, msije mkadhani alikuwa anatafuta umaarufu. Umaarufu nilikuwa nautafuta mimi.

Wimbo wenyewe ulimhusu Suzana. Suzana alikuwa anauza chai na vitumbua stesheni, na alikuwa ameongea na Sylvanus mara tatu tangu wafahamiane, mara mbili kati ya hizo akimwomba asogee watu wapite. Basi Suzana akaolewa na mfanyakazi wa reli, akapanda treni kwenda Tabora. Sylvanus akajifungia siku mbili, akatoka na wimbo unaoitwa "Usiniache Stesheni." Nilimwambia kwamba mtu hawezi kuachwa na mwanamke asiyejua kwamba alikuwa naye. Akaninunia mpaka Jumapili.

Tuliurekodi Februari 1999 kwa Melkior. Huyu Melkior alikuwa na duka la kurekodi kaseti pale sokoni. Ukimpa kaseti tupu na orodha ya nyimbo, jioni unapata ukitakacho. Hakuwahi kurekodi bendi. Alitupa stoo yake ya karanga, akatuambia tutafute kitu cha kuzuia mwangwi ukutani. Apollinarie akaenda gesti moja akaazima magodoro manane, tukayasimamisha pande zote. Melkior akafunga mlango, akavaa visikizio vyake masikioni, akanyosha kidole kwamba tuanze.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba magodoro yale yalikuwa na wenyewe. Kunguni walikuwa wengi na hawakuwa wapole. "Usiniache Stesheni" ulikuwa wimbo wa taratibu, wa kuomboleza. Mimi nilipoumwa mara ya tatu mgongoni, niliongeza mwendo ili tumalize upesi. Apollinarie naye akaongeza, kwa kuwa walikuwa wamemfikia shingoni. Sylvanus akawa hana budi kutukimbiza. Ubeti wa pili ulipofika, pale penye jina la Suzana, akatoa ukelele ambao hatukuwahi kuusikia kwenye mazoezi. Ulianzia chini kabisa, ukapanda, ukavunjika katikati, ukapanda tena mpaka mshale wa mashine ukalala upande wa mwisho. Melkior akang'oa visikizio akavitupa juu ya magunia.

"Turudie?" nikauliza.

"Humu ndani?" Melkior alikuwa tayari anajikuna. "Hapana. Huo huo unatosha."

Ndivyo ilivyopatikana kaseti yetu. Wimbo mmoja upande wa kwanza, na upande wa pili wimbo huo huo tena, maana hatukuwa na mwingine. Melkior alidurufu kaseti hamsini, akaandika kila moja kwa mkono.

Mpanda haikutupokea. Jumamosi ya kwanza Melkior aliufungulia kwenye spika ya dukani, na mama muuza dagaa akafunika beseni lake. Mzee mmoja alisimama akauliza kwa huruma kama mashine ya kukoboa imekatika mkanda. Zilinunuliwa kaseti tisa. Kati ya hao walionunua, watatu walileta redio zao kibandani kwa Sylvanus zitengenezwe, wakisema zimeanza kulia vibaya. Alizifungua zote kwa uaminifu. Redio zilikuwa nzima, na ndani ya kila moja mlikuwa na kaseti yetu. Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje kukaa chini. Yeye aliwarudishia, akaenda kulala saa kumi ya alasiri jua likiwaka.

Ilipofika Aprili, mpunga wa Kasansa ulikuwa unaiva, na ndege wameshuka. Asiyelima mpunga hajui adha hiyo. Kweleakwelea wanakuja kwa maelfu, na usipokuwepo, jioni unavuna makapi. Ndiyo maana watu wa Mpimbwe huamia: mtu anapanda dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, na kuanzia alfajiri mpaka jua linazama anapiga kelele, anarusha madonge ya udongo kwa kombeo, anavuta kamba zilizofungwa makopo. Mama Katarina alituma salamu kwa muumini mmoja aliyekuja Mpanda: koo limekauka, mguu umevimba, ndege wananimaliza, mwambieni Sylvanus aje anisaidie kuamia.

Ninajua alichopaswa kufanya, na yeye alijua. Lakini tulikuwa na onyesho Ilembo wiki ile, na moyoni aliona aibu kurudi kwao mikono mitupu, mtu ambaye hata muuza dagaa amemfunikia beseni. Akachukua redio kaseti nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, akaitia betri, mawe mapya sita, akaweka kaseti yetu ndani. Halafu akaandika barua kurasa mbili. Ilisema: Mama, najua uliyaita makelele, nakuomba usikilize mpaka mwisho ndipo uniambie, na mimi nakuja kuamia mara tu onyesho likiisha. Akanipa vyote nimkabidhi dereva wa lori la kwenda kijiji cha Mamba, linalopita Kasansa.

Redio niliikabidhi. Barua niliisahau mfuko wa nyuma wa suruali, na kesho yake nikaifua. Naungama hapa kwa mara ya kwanza, na Sylvanus akisoma ajue kwamba sabuni yenyewe ilikuwa ya kwake.

Kwenye onyesho la Ilembo walikuja watu kumi na wawili, wanne wakiwa ndugu zangu. Spika ikaungua, na Sylvanus akasema hawezi kwenda kwa mama na habari hiyo, acha kwanza aitengeneze. Wiki ikawa mbili, mbili zikawa tatu. Ndipo Melkior alipokuja mbio kibandani, mtu ambaye kwa kawaida hatembei ila anajisukuma.

"Nyie! Mmefanya nini Kasansa?"

"Kwa nini?"

"Watu wa lori wamebeba kaseti zote zilizobaki. Wote wanasema hivyo hivyo, nipe Suzana, nipe Suzana. Jana Kasansa, leo Mamba, sasa hivi kuna mtu wa Usevya anataka kumi na tano. Nimedurufu mpaka mashine inachemka!"

Sylvanus akaisahau pasi ya kulehemu mpaka ikamchomea meza. Kisha akasema polepole, "Mama amesikia. Amesikia mpaka mwisho, na amewaita wenzake wasikie." Akatabasamu peke yake, tabasamu ambalo sikuwahi kumwona nalo, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kumtania. Mimi nilikimbilia sokoni kununua miwani nyeusi.

Tuliamua kwenda Kasansa wenyewe, kufanya onyesho kubwa. Tulipanda lori siku ya Alhamisi na pipa langu, magitaa, spika iliyotengenezwa na jenereta ya kuazima. Kule Sitalike tulishuka wote kusukuma kwenye tope viboko wakitutazama. Tukalala Usevya. Asubuhi tukavaa: Sylvanus shati jekundu, Apollinarie suti ya misheni iliyombana makwapa, mimi miwani yangu. Nilikuwa nimejiandaa hata namna ya kupunga mkono.

Ilikuwa kama saa nne tulipoanza kuona mashamba ya Kasansa, na hapo hapo tukaisikia. Kwanza kwa mbali upande wa kushoto, kisha upande wa kulia, kisha mbele yetu. "Usiniache Stesheni" ulikuwa unapigwa kwenye redio nne au tano, kila moja na sehemu yake. Sylvanus akasimama wima juu ya magunia, ameshika kamba za lori, machozi yanamtoka waziwazi. "Kijiji kizima," akasema. "Machibya, kijiji kizima."

Nikavua miwani nione vizuri mashabiki wetu. Hakuna aliyekuwa anacheza. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya madungu, kila mmoja na redio yake, na mmoja alikuwa ameinyanyua yake juu ya kichwa akiielekeza kwenye kona ya shamba. Mwanamume akapiga yowe kutoka ng'ambo: "We Veronika! Lete Suzana huku, wameshuka!" Yule mwanamke akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Ukelele wa ubeti wa pili ukatoka, na kutoka kwenye mpunga likainuka wingu la ndege, likazunguka, likapotelea upande wa mto.

Mimi nilielewa papo hapo. Niliuma mdomo wangu wa chini mpaka nikasikia chumvi, maana ningecheka pale angenitupa chini ya lori. Apollinarie naye alielewa. Akainama akawa anafunga kamba za viatu visivyo na kamba. Sylvanus alichelewa. Alitazama shamba la pili, ukelele ukatoka, ndege wakaruka. Alitazama la tatu. Halafu akakaa juu ya gunia, shati lake jekundu na vyote, akaacha kulia.

Mama Katarina alitupokea barabarani akichechemea, mikono juu. "Mwanangu! Njooni mumwone, huyu ndiye mwenyewe!" Akamkumbatia, akamgeuza huku na huku watu wamwone mbele na nyuma. "Wenzangu watoto wao walioko mjini wanaleta sukari. Mimi nilituma neno moja tu, koo limekauka. Mwanangu akakaa, akafikiri, akatengeneza sauti, akaifunga ndani ya redio, akaweka na mawe mapya! Nikabonyeza kitufe, nikaweka mguu juu ya kigoda. Ndege wote wakaenda kwa jirani!"

"Ndiyo maana na sisi tukanunua," akasema jirani.

Nilitazama mawingu. Barua ile ilinikumba, maneno yote ya kurasa mbili, na nilitamani kuwa mahali pengine popote, hata stoo ya Melkior.

Katekista alisema kwamba Sylvanus ametolewa mfano Jumapili katika mahubiri, kuhusu kuwaheshimu wazazi. Walituchinjia majogoo wawili. Wanawake walimpa Sylvanus mikono yote miwili. Mzee mmoja alimvuta pembeni kuuliza kama tunayo pia ya nguruwe pori, na mwingine, aliyelima karibu na bwawa, akataka kujua ya viboko itatoka lini. Kuhusu onyesho hakuna aliyeuliza. Tulipoteremsha pipa langu, walidhani ni la kuhifadhia mbegu.

Sylvanus hakugusa kuku. Alitabasamu kwa kila mtu, lakini nilimjua. "Tunaondoka kesho asubuhi," aliniambia nyuma ya nyumba, bila kunitazama. "Na usitie neno."

"Sijasema kitu."

"Unacheka kwa tumbo. Nakuona."

Kweli nilikuwa nacheka kwa tumbo. Lakini pia nilimwonea huruma, huruma ya kweli, maana nilijua alikuja kutafuta nini, na kumbe kijiji kizima kilikuwa kimempa kila kitu isipokuwa hicho.

Kulipokucha, mama alikuwa ameshatangulia shambani. Tulikwenda kumuaga, sote watatu, suruali zimekunjwa hadi magotini kwenye matope. Tulimkuta amesimama chini ya dungu, mkono mmoja kiunoni. Redio ilikuwa inalia juu kwa nguvu zote. Ukelele ukatoka. Ndege wakainuka kiuvivu, wakazunguka nusu duara, wakarudi kukaa pale pale. Mmoja alitua juu ya antena ya redio yenyewe, akajinyonyoa manyoya ya bawa huku Sylvanus akimlilia Suzana chini ya miguu yake.

"Wamezoea," mama akasema kwa hasira. "Tangu jana jioni. Washenzi hawa wana akili."

Akaizima redio. Kabla hatujamzuia akapanda zile ngazi za miti, akiuvuta mguu uliovimba, akasimama juu, akajaza kifua. Kisha akapiga ukelele wa kuamia. Ulianzia chini kabisa, ukapanda, ukavunjika katikati, ukapanda tena. Shamba zima liliinuka. Ndege wa kwake, wa jirani, na wa jirani wa jirani, wote walikwenda, na yule wa antena alitangulia mbele yao.

Mimi na Apollinarie tukatazamana. Kwa kuwa bado ilikuwa asubuhi, neno lake la siku alikuwa hajalitumia. "Ndio ule," akasema.

Sylvanus alikuwa amesimama kwenye maji, mdomo wazi. Miaka yote ile alidhani ameitoa sauti yake kwenye kaseti ya mzungu. Sijui ni hilo lililomvunja, au ni kumwona mama yake na mguu ule juu ya miti, lakini akaongea, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyevunja chungu.

"Mama, nikuambie kweli. Sikuitengeneza kwa ajili ya ndege."

Mama aliinamisha kichwa kumtazama.

"Sikuwaza ndege hata kidogo. Uliniita nije, sikuja, nilikuwa na mambo yangu mjini. Ile kaseti ni kazi ya bendi. Nilikuletea usikilize tu. Ni wimbo, mama. Nilitaka uusikilize kama wimbo."

Nilijiandaa kwa lolote. Nilifikiri atashuka na kombeo. Makopo yaligongana kidogo kwenye kamba.

"Najua ni wimbo," akasema Mama Katarina. "Mimi sina masikio? Nimeusikiliza kutwa nzima kwa mwezi mzima, naujua kuliko wewe. Na huyo Suzana hakufai." Akajipangusa jasho kwa ncha ya kitenge. "Kwani wewe unadhani tangu sijaolewa nilikuwa napanda huku juu kufanya nini, kama si kuimba?"

Sylvanus akamtazama mama, akaitazama redio.

"Haya, nishusheni. Ndege wameuzoea huo, utatunga mwingine. Lakini leo panda wewe, mguu wangu umekataa."

Tulimshusha, mimi na Apollinarie, mmoja kila upande. Sylvanus akavua lile shati jekundu, akalitundika kwenye nguzo, akapanda. Lori liliondoka saa mbili bila sisi. Ndege walikuwa wanarudi kutoka upande wa mto, wanashuka kwa makundi kwenye kona ya chini, na yeye akajaza kifua. Mama Katarina alikaa kwenye tuta, akanyosha mguu wake mbaya, akaninyamazisha kwa kidole nilipotaka kusema kitu, akamsikiliza.